Mnara wa upepo hauchomelewi saitini: jibu kwa fundi wa Kitengela

Swali: "Mimi ni dada wa miaka 24. Nachomelea mageti na madirisha hapa Kitengela, mwaka wa nne sasa. Kazi nilifunzwa na mjomba katika karakana yake, sina cheti chochote. Nikipita barabara ya kwenda Kiserian naona mitambo ya Kipeto ikizunguka, na nimeamua nataka kujenga vitu kama vile. Kuna chuo kimeniambia nilipe laki mbili na nusu, nipate cheti cha fundi wa upepo kisha wanitafutie kazi. Nilipe? Na kazi ile inamfaa mwanamke? Mama hataki hata kusikia."

Jibu:

Dada yangu, usilipe. Pesa hizo zikae kwako kwanza. Nitakuonyesha mahali pa kuzitumia, na huenda zikabaki. Lakini kabla ya pesa kuna jambo ambalo vijana wengi wanaouliza kuhusu upepo hawaambiwi, na kwako wewe mchomeleaji lina uzito zaidi: mnara ule hauchomelewi saitini.

Mnara mweupe unaouona Kipeto ulitoka kiwandani ukiwa vipande vikubwa vya bomba la chuma. Mabati yake yalikunjwa na kuchomelewa na mashine, viungo vikakaguliwa kwa vifaa vinavyoona ndani ya chuma, rangi ikapakwa, kisha vipande vikapakiwa melini. Hapa kwetu vilishushwa Mombasa, vikapandishwa kwenye matrela marefu na kuletwa bara. Saitini kipande huinuliwa juu ya mwenzake na kufungwa kwa boliti, basi. Ukiwasha moto wa kuchomelea kwenye ukuta wa mnara uliosimama, joto linabadilisha chuma cha pale, na baada ya miaka ya kutikiswa na upepo ufa unaweza kuanzia papo hapo. Hakuna mtengenezaji atakayekuachia ufanye hivyo bila idhini yake.

Kazi za kuchomelea zipo, ila ziko pembeni: mageti na ua, ngazi na majukwaa ya muda, vyuma vya kituo cha umeme, ukarabati wa meno na ndoo za mashine za kuchimba, na kuunganisha nyaya nene za shaba za ardhini kwa unga maalumu unaowashwa ndani ya kalibu. Mtu mmoja au wawili wenye mkono mzuri huzimaliza. Kwa hiyo mkono wako una thamani, lakini peke yake utakufikisha getini tu. Ukitaka kuingia ndani, inabidi ujue kazi yote ilivyopangwa na uchague pa kusimama.

Barabara hutangulia. Mradi wa Ziwa Turkana, kule Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, ulilazimika kutengeneza barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis ili mitambo 365 iweze kufika. Na ile ilikuwa mitambo midogo kwa viwango vya leo, kilowati 850 kila mmoja, mapanga yake yakichora duara la mita 52. Ya Kipeto huchora duara la mita 103, maana yake panga moja lina karibu mita 50 na halikunjiki. Dereva anayeweza kulipitisha trela la namna hiyo kwenye kona za mlimani ni fundi kamili, hata kama watu hawamwiti hivyo.

Kisha misingi. Kwa mtambo wa megawati mbili au tatu, msingi huwa na upana wa mita 15 hadi 20, nondo za makumi ya tani, na zege la mita za ujazo mia kadhaa linalomwagwa mfululizo bila kukatika. Mara nyingi humwagwa usiku, kwa sababu zege nyingi ikikaa pamoja hujipasha joto yenyewe, na jua likiongezea, nyufa hazikwepeki. Katikati ya nondo kuna kizimba cha boliti ndefu zitakazoshika mnara. Pete ya juu ya kizimba hicho hupimwa usawa kwa milimita, maana kosa dogo la chini hukua kadiri mnara unavyopanda. Hapa wanahitajika wasuka nondo, maseremala wa mbao za zege, wapimaji, na vijana wa maabara wanaopima zege kila gari linapofika. Ndipo wenyeji wengi zaidi huajiriwa, na ndipo ajira huisha upesi zaidi.

Baada ya hapo kreni. Mahali palichaguliwa kwa sababu pana upepo, na upepo huohuo ndio adui wa kunyanyua. Kila mtengenezaji huandika kasi ya juu inayoruhusiwa kwa kila kipande, na mapanga ndiyo yenye kiwango kikali. Ikipita, kreni husimama, hata kama mkandarasi anailipia kwa saa na meneja amenuna. Upepo ukitulia saa tisa usiku, timu huamshwa saa tisa usiku. Mwendeshaji kreni, mfunga mizigo na mpiga ishara hufanya kazi kwa kuaminiana, na mpiga ishara akisema simama, kila kitu husimama bila mjadala.

Sasa nitakaa kidogo kwenye boliti, kwa sababu ndiko ninakoona nafasi yako.

Kiungo kimoja cha mnara kinaweza kuwa na boliti zaidi ya mia, nene kuliko kidole gumba chako. Mtu wa nje akiona timu inazikaza hudhani ni kazi ya nguvu. Nguvu inatolewa na mashine ya haidroliki. Fundi anatoa uangalifu. Kinachotakiwa ni boliti ivutwe kwa kiasi fulani ili ibane vipande viwili visiwahi kuachiana hata dhoruba ikija. Spana haipimi mvuto huo moja kwa moja, hupima jinsi nati inavyokataa kuzunguka. Boliti ikiwa kavu au ina mchanga kwenye nyuzi zake, nguvu nyingi huishia kwenye msuguano, spana inakuambia imekaza kumbe kiungo bado kimelegea. Ikipakwa grisi isiyo yake, au mahali pasipotakiwa, unavuta kupita kiasi. Ndiyo maana kuna mpangilio wa boliti ipi ianze na ipi ifuate, alama ya rangi kwa kila iliyokamilika, fomu yenye jina lako, na cheti cha kuonyesha kuwa mashine ilipimwa usahihi wake hivi karibuni. Mtambo ukishawashwa na kufanya kazi takriban saa mia tano, boliti hurudiwa kukaguliwa. Hapo fomu yenye jina lako hufunguliwa upya.

Mchomeleaji mzuri tayari anayo nusu ya tabia hiyo. Wewe unajua kuwa kiungo kinaweza kupendeza machoni na kuwa kibovu ndani, na unajua maana ya kusafisha chuma kabla ya kukigusa. Msimamizi hawezi kukufundisha hilo kwa wiki mbili. Ila kumbuka kuweka vidole mbali na mkono wa chuma ambao mashine ya haidroliki hujiegemeza nao. Ajali nyingi za kukaza boliti ni za vidole, na hutokea pale watu wawili wanapofanya kazi pamoja na mmoja anabonyeza kabla mwenzake hajaondoa mkono.

Upande wa umeme ni ulimwengu mwingine, wenye maisha marefu kuliko yote niliyotaja. Kila mtambo huunganishwa na kituo kwa kebo za umeme wa kati, kwa kawaida kilovolti 33, zilizofukiwa mitaroni. Fundi wa viungo vya kebo hukaa ndani ya kahema kidogo, akimenya tabaka moja baada ya jingine kwa kisu, na mkwaruzo usioonekana vizuri kwa macho unaweza kulipuka miezi sita baadaye. Mafundi wa kazi hii ni wachache na wanatafutwa. Nao wanafaa kila mahali penye umeme mkubwa: viwandani, bandarini, kwenye mashamba ya sola, katika vituo vya KETRACO, kampuni ya serikali ya laini kubwa za umeme, na vya Kenya Power. Gharama yake ni muda. Utahitaji kusomea umeme chuoni miaka kadhaa, kisha leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, ya daraja linalolingana na kazi unayofanya. Ukiwa tayari kurudi darasani, njia hii naipenda kuliko zote. Kama mfuko au majukumu ya nyumbani hayakuruhusu, usijilaumu. Ya chuma ipo.

Lakini ndipo tufike kwenye jambo ambalo chuo kile hakikukuambia, na ndilo linalonifanya nikukatalie kulipa. Hebu angalia miaka. Ngong ilianza na mitambo miwili mwaka 1993, kwa msaada wa Ubelgiji, na leo KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ina megawati 25.5 pale. Ziwa Turkana, megawati 310, ujenzi ulianza 2014 na mitambo yote ikawa imesimama 2017. Kipeto, mitambo 60 na megawati 100, ilianza kuuza umeme 2021. Majirani zetu Tanzania wana mitambo mitatu pale Mwenga, Mufindi, megawati 2.4 kwa jumla, na mazungumzo ya mradi wa upepo wa Singida yamekwenda miaka mingi. Kati ya mradi na mradi kuna ukimya mrefu. Tena mradi unaweza kufa: ule wa Kinangop wa megawati 60 ulisitishwa 2016 baada ya mgogoro wa ardhi na wakulima. Hata ukikamilika unaweza kukaa. Mitambo ya Loiyangalani ilisubiri zaidi ya mwaka mzima ikiwa tayari, kwa sababu laini ya umeme ya kilomita 428 hadi Suswa haikuwa imekwisha. Mkandarasi wake wa kwanza, kampuni ya Uhispania, alifilisika, na laini ikakamilika mwaka 2018 mikononi mwa wengine.

Fundi aliyejihesabu kuwa mjenzi wa upepo na si kingine angekaa nyumbani sehemu kubwa ya miaka hiyo. Waliokula vizuri ni wale waliotoka Loiyangalani wakaenda kwenye laini, kutoka kwenye laini wakaenda kituo cha umeme, kutoka hapo wakaingia kwenye umeme wa mvuke wa ardhini, kisha Kipeto ilipofunguliwa wakawa na karatasi na uzoefu. Upepo uwe mmoja wa wateja wako.

Kwako njia hiyo naiona hivi. Kwanza nenda NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ukafanye mtihani wa ufundi wa kuchomelea, daraja la tatu, na ukiwiva la pili. Mtihani huu uliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe waliojifunzia jua kali, na NITA ina kituo Athi River, jirani kabisa. Ada yake hailingani hata kidogo na laki mbili na nusu. Jiandikishe pia na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kama fundi, kwa sababu wakandarasi rasmi huulizwa vitambulisho hivyo saiti ikikaguliwa. (Msomaji wa Tanzania aliye katika hali kama ya dada huyu aulize VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kuhusu urasimishaji wa ujuzi uliopatikana kazini.)

Pili, ondoka kwenye mageti uingie kwenye mabomba. Jifunze kuchomelea bomba likiwa limefungwa kwa mshazari wa nyuzi 45, lisilozungushwa, ambapo wewe ndiye unayelizunguka. Jaribio hilo mafundi wanaliita 6G, na kiungo chako hupigwa eksirei au kukatwa na kupindwa. Ukifaulu, mlango wa Olkaria na Menengai unakuwa karibu nawe, kwa sababu mvuke wa ardhini husafiri katika kilomita nyingi za mabomba ambayo hujengwa, hukarabatiwa na kuongezwa kila wakati. Ukipenda kutumia sehemu ya akiba yako, itumie hapa: kwa vyuma vya kufanyia mazoezi, waya za kuchomelea na ada ya jaribio.

Tatu, ukiwa kwenye saiti kubwa yoyote, omba kupelekwa kwenye kazi za kufunga mizigo na kukaza boliti za miundo. Daraja, kiwanda cha saruji, mnara wa laini, vyote vina boliti zinazokazwa kwa kipimo. Pata cheti cha kufunga mizigo na kupiga ishara. Weka daftari: tarehe, kazi, ukubwa wa boliti, mashine uliyotumia, jina la msimamizi aliyetia sahihi. Siku mtu wa upepo akikuuliza umefanya nini, daftari hilo litazungumza vizuri kuliko cheti chochote cha wiki mbili.

Na kile cheti cha upepo? Kipo cha kweli, na kinahitajika. Kampuni kubwa za mitambo hufuata mafunzo ya Global Wind Organisation, yanayojulikana kwa kifupi GWO. Ya msingi ya usalama ni huduma ya kwanza, kubeba mizigo kwa mikono, tahadhari ya moto na kufanya kazi juu. Kwa mitambo ya baharini huongezwa kujiokoa majini. Muhimu kwako ni kwamba vyeti hivyo vya usalama hudumu miaka miwili. Ukivilipia leo bila kazi, vitakwisha ukiwa Kitengela, nawe utalipa tena. Mwajiri mwenye kandarasi ya kweli mara nyingi hupeleka watu wake mafunzoni, au hukuambia ni moduli zipi hasa anazotaka. Yapo pia mafunzo ya msingi ya kiufundi ya GWO, yakiwemo ya umeme, haidroliki na kukaza boliti. Ukija kuvilipia mwenyewe, hakikisha jina la kituo limo katika orodha ya vituo vilivyoidhinishwa kwenye tovuti ya GWO, na kwamba mafunzo yako yataingizwa katika rejista yao iitwayo WINDA. Mwajiri hufungua rejista hiyo na kuona ulifunzwa nini na kinakwisha lini. Karatasi isiyomo WINDA haina kazi mnarani, iwe na mihuri mingapi. Waulize wale wa chuo swali hilo moja kwa maandishi, kisha uone watajibu nini.

Chuo halali kinauza mafunzo. Anayeuza mafunzo na ajira kwa bei moja ana jambo. Hali ni hiyohiyo kwa mawakala wanaotaja Uarabuni. Ni kweli kuna upepo huko. Oman, kwa mfano, ina mitambo 13, megawati 50 kwa jumla, kule Dhofar, iliyoanza kazi 2019. Lakini mtambo uliokwisha kujengwa hauhitaji umati wa wajenzi, na wakala asiyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira usimpe hata nakala ya pasipoti.

Kuhusu mama. Mwambie hofu yake ina msingi, ila haihusu uanamke. Kupanda mnara kwa ngazi ukiwa umevaa mikanda na kubeba vifaa kunachosha mtu yeyote, na baadhi ya watu wenye misuli mikubwa hugundua wakiwa mita 40 juu kwamba kimo kinawashinda. Hili halijulikani mpaka ujaribu, kwa hiyo jaribu mapema kwenye mnara wa mawasiliano au jukwaa refu pamoja na timu yenye vifaa, kabla hujapanga maisha yako kulizunguka. Nimewaona wanawake wanaokaza boliti na kuunganisha kebo kwa utulivu unaotamanika. Matatizo waliyonieleza yalikuwa ya chini ya mnara: mikanda ya usalama ya saizi moja tu, kubwa mno, ambayo ukianguka haikushiki inavyotakiwa, kambi isiyo na vyoo vya wanawake, msimamizi anayempa mwanamke daftari la stoo kila asubuhi badala ya spana. Uliza mambo hayo kabla ya kwenda. Mkanda usiokukaa mwilini usipande nao, hata kama kila mtu anakungoja.

Na ukipata barua ya ajira, kuna mambo mengine machache ya kuangalia kabla ya kusaini. Mkataba uandike muda wake na malipo ya siku ambazo upepo umezuia kazi, kwa sababu siku hizo zitakuwa nyingi na kuna wakandarasi wanaolipa saa za kufanya kazi tu. Uliza nani analipa usafiri wa kwenda na kurudi kutoka kambini. Uliza jina la kampuni ya bima inayowafunika wafanyakazi chini ya Sheria ya Mafao ya Majeruhi Kazini ya mwaka 2007, WIBA kama tunavyoiita. Kisha muulize msimamizi swali la mwisho: mwenzangu akizimia juu, nani kati yetu amefunzwa kumshusha, kifaa cha kumshushia kiko wapi, na mara ya mwisho mlifanya zoezi hilo lini? Mtu aliyening'inia kwenye mikanda bila kusogea anaweza kupoteza maisha kwa muda mfupi, na gari la zimamoto kutoka mjini halitafika kwa wakati. Saiti nzuri itakujibu papo hapo, na huenda wakakuonyesha begi lenyewe. Wakianza kutazamana, rudi Kitengela ukaendelee na mabomba yako mpaka mkandarasi mwingine atangaze.